Mpeni Jembe

Wanangu mlioolewa na wanajeshi, na nyinyi mama wenzangu mliowazaa, kuanzia Mtongwe na Likoni hadi Changamwe na Kisauni,

Assalaam alaykum, na nyinyi wa kanisani hamjambo.

Juzi nilialikwa nyumba moja huku kwetu Likoni, kumlaki kijana aliyekuja likizo kutoka Somalia. Nilikuta hema, viti vya kukodi vimejaa mpaka njiani, na spika mbili kubwa kama makabati. Kijana mwenyewe nilimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa karibu na tangi la maji, anapiga mswaki saa nane mchana. Nikamuuliza, mjukuu wangu, mswaki saa hizi? Akanijibu, "Bibi, huku nyuma nikiwa na mswaki hawanifuati." Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka, maana kosa lile nililifanya mimi kabla yenu.

Mwanangu wa tatu yuko jeshini. Majeshi yetu ya Kenya yalipovuka mpaka kuingia Somalia, Oktoba 2011, ile Operesheni Linda Nchi, tulidhani ni kazi ya miezi miwili mitatu. Katikati ya 2012 wakaingizwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Mwisho wa Septemba mji wa Kismayu, huko huko Somalia, ukatekwa, tukapeana mikono hapa mtaani: sasa wanarudi. Wapi! AMISOM ikaja kuwa ATMIS mwaka 2022, na kuanzia 2025 inaitwa AUSSOM. Majina yao hayo wanayabadilisha wenyewe, mimi kazi yangu ni kukunguta kitanda ambacho hakijalaliwa.

Likizo yake ya kwanza kutoka kule ilikuwa 2013. Siku kumi, na mbili zililiwa na njia. Nami nilijiandaa kama mtu anayeoza binti. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, biriani mchana, jioni watu wa maulidi. Siku ya pili nikamzungusha kwa mashangazi wote, Majengo, Kibokoni, Bamburi. Siku ya tatu wakaanza kuja wenye shida zao. Binamu anataka mkopo wa pikipiki, kwa kuwa amesikia wa Somalia wana marupurupu. Kaka yake mkubwa akaitisha kikao cha kile kiwanja chetu, nami badala ya kumkemea nikapika chai ya kikao.

Usiku alikuwa halali kitandani. Alichukua mkeka akajinyoosha ukumbini, mgongo ukutani, uso mlangoni. Kwenye feri nilimwona akiacha vivuko viwili vipite, anasubiri watu wapungue, na watu wa feri ya Likoni mnawajua, hawapungui. Mimi nikamwambia, "Twende baba, tutachelewa kwa shangazi yako." Hayo ndiyo yaliyonishughulisha, kuchelewa kwa shangazi.

Siku ya sita mlango wa jikoni ukang'oka bawaba, kwa wageni kupita na masinia. Akaondoka kitini, akatafuta bisibisi, akapiga magoti pale chini. Nikamzuia. Nikamwambia, wacha mwanangu, fundi yuko hapo kona, wewe pumzika. Akaniangalia akasema, "Mama, kwani mimi si mtu wa hapa?"

Nilikosa jibu. Alikaa na ule mlango mchana kutwa, kazi ya nusu saa. Aliifungua bawaba, akaisugua kutu, akaitia mafuta ya kupikia, akairudisha, akafungua na kufunga mlango labda mara ishirini. Na alikuwa akiimba kwa pua, kitu ambacho sikukisikia tangu ashuke kwenye basi.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kila mtu hulitumia neno hili kumfukuzia mgeni mvivu. Mimi siku ile nililisikia upande wake wa pili: ukimpa mtu jembe umemwambia ugeni umekwisha, ingia ndani. Sisi mwanangu tulimpa mchele na nyama siku zote zile, tukamweka kwenye kiti cha wageni, ndani ya nyumba ambayo saruji yake aliichanganya yeye.

Kwa hivyo nawaomba. Karamu moja inatosha, na iwe ndogo, siku ya kwanza au ya pili. Baada ya hapo mtume dukani. Mtume Marikiti akanunue nazi, akipenda kwenda, na arudi amedanganywa bei. Mpeni watoto awapeleke skuli. Muachieni taa iliyoungua na kuku wa kuchinja.

Kuhusu watoto hebu nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne wakati ule. Baba yake alimjua kwa sauti ya simu tu. Tulikuwa tunamsukuma: "Nenda kwa baba! Mpe baba busu!" Mtoto anajificha kwenye leso ya mama yake, na wageni wanacheka. Baba mtu anacheka pia, lakini nilimwona akiivuta vuta saa yake mkononi. Siku ya tisa, magharibi, simu ya nyumbani ikalia. Mtoto akaipokea kama kawaida yake, akaanza kubwabwaja: paka amezaa, bibi amevunja sahani, na kuna mjomba mrefu amekuja analala ukumbini. Kisha akauliza, "Baba, unakuja lini?" Nilipochungulia dirishani, mwanangu yuko uani, karibu na kamba ya nguo, simu sikioni, mgongo ametugeuzia. Akazungumza naye hivyo hivyo, akisogea hatua moja moja kuja mlangoni, mpaka mtoto akaanza kuisikia sauti pande mbili.

Hatukuwa sisi tuliomfundisha. Basi msiwasukume watoto. Siku kumi ni chache lakini mtoto hana haraka yenu.

Na wanajeshi wenu msiwaulize waliyoyaona. Marehemu baba yangu alikwenda Burma kwenye vita vya pili na Keya, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, zile mvua za 1944 bonde la Kabaw, na kwa umri wake wote nilimsikia akisimulia matope tu. Matope na viatu. Tukipita Mwembe Tayari, penye zile sanamu za askari wa vita vya kwanza, alikuwa akivua kofia halafu anaendelea na habari ya bei ya samaki. Kijana wenu akitaka kusema, atasema mwenyewe, pengine mkiwa mnachambua mchele. Ninyi endeleeni kuchambua.

Lakini kunyamaza si sawa na kuugua. Akiwa halali usiku mzima wiki nzima, akashtuka kila mlango ukigonga, akaanza ulevi asiokuwa nao, au akainua mkono kwa mke, hapo msiseme ni uchovu. Kombe la sheikh, yale maji ya aya za Kurani, sikatai, mimi mwenyewe nimempa mtu akanywa. Lakini aende na kwa daktari wa kikosi chake, na mke asiachwe kubeba siri hiyo peke yake eti kuficha aibu ya ukoo.

Mama wakwe wenzangu, nanyi nendeni mkalale kwa dada zenu usiku mmoja au miwili na muwachukue wajukuu. Sababu sielezi, sote tumepata kuolewa.

Simu nazo. Msiweke picha yake kwenye stetasi, wala siku aliyokuja, wala siku anayoondoka na basi atakalopanda. Wenye watu wao El Adde, ile kambi yetu ya Somalia iliyoshambuliwa Januari 2016, wanajua ni kitu gani kuona picha za kambi zikizunguka kwenye simu za watu kabla wewe mwenyewe hujaambiwa lolote. Wiki ile hapa kwetu hatukuzima simu usiku, na kila ilipolia hakuna aliyetaka kuipokea.

Siku ya kuondoka, anayetaka kulia alie. Sikubaliani na wale wanaosema mwanamke wa mwanajeshi hatoi machozi. Ila ile habari ya karo, ya paa, ya kiwanja, msimkabidhi mlangoni akiwa na begi begani. Kama ni ya lazima, ilikuwa na siku yake, mchana, mkiwa mmekaa.

Wangu anatazamiwa kuja tena. Tarehe siisemi, nimeshawakanya nyinyi. Bomba la jikoni linavuja tangu mwezi jana, nimeliwekea ndoo. Fundi wa kona amepita mara mbili kuniuliza, na mara zote mbili nimemwambia lina mwenyewe.