Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu fedha za afya ya akili na tiba ya uraibu

Kayole, Nairobi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mlezi wa mdogo wangu, ambaye amekuwa akiugua skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, kwa miaka mingi na ambaye baadaye alinaswa na pombe. Sikuandikii kuomba msaada wa nyumbani kwangu. Naomba hesabu ya ahadi ambayo serikali unayoitumikia iliwapa Wakenya ilipokuwa ikisaka kura mwaka wa 2022.

Manifesto ya Kenya Kwanza, muungano ulioshinda uchaguzi huo, iliahidi mfuko wa kugharimia magonjwa sugu ambayo bima haiyalipii, au inayalipia kwa kiasi kidogo tu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda mfuko wa dharura na magonjwa sugu, na tangu Oktoba 2024 wenye mishahara wanakatwa asilimia 2.75 ya mapato yao, huku sisi wa vibarua tukilipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Kwa anayeishi na mgonjwa, skizofrenia ni maradhi sugu sawa na kisukari: dawa ni ya kila siku au sindano ya kila mwezi, na ikikosekana kwa majuma machache mgonjwa huanza tena kutolala, kuogopa watu na kutoroka nyumbani. Uraibu nao una mwendo huohuo wa kupona na kurudia. Je, ni shilingi ngapi za ahadi hiyo zimewafikia wagonjwa hawa?

Jibu nimelitafuta, na ninaelewa kwa nini halipatikani. Hospitali ya Mathari, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1910, hupata fungu lake kupitia wizara yako. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, iliyokadiria katika utafiti wake wa 2022 kwamba Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kilevi kimoja, kikiwemo pombe, tumbaku au dawa ya kulevya, iko chini ya wizara inayosimamia usalama wa ndani. Zahanati na vituo vya afya ni vya kaunti 47, kwa kuwa huduma hizo zimegatuliwa, na malipo ya bima hushughulikiwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kama zile za Mathari na Ngara, zimeegemea wafadhili kwa miaka mingi. Hapa naomba utulie kidogo, Mheshimiwa. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, wala haingoji mazungumzo ya bajeti; Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mzazi mwenye kijana aliyeachana na heroini alikuwa na haki ya kujua ni fungu lipi la fedha zetu wenyewe lingeziba pengo hilo.

Kila ofisi inaweza kusema imetimiza sehemu yake, na hakuna hata moja inayotoa jumla.

Sheria haikosekani. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilitoa ripoti yake mwaka wa 2020, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yakazipa serikali ya kitaifa na za kaunti wajibu wa huduma hizi. Hata hivyo, mwaka huu, katika kituo cha umma ambacho sitakitaja, nimerudishiwa karatasi ya daktari mara tatu na kuelekezwa duka la dawa la ng'ambo ya barabara.

Ombi langu ni jedwali moja, litolewe kwa Kiswahili na Kiingereza kila mwaka kabla ya bajeti kusomwa mwezi wa Juni, likionyesha kwa kila mojawapo ya ofisi nilizozitaja fedha zilizotengwa, zilizotolewa na Hazina, na zilizotumika. Usiziunganishe hizo tatu, kwa maana fedha zilizotengwa bila kutolewa hazimnunulii mtu sindano. Fedha za wafadhili ziwe na safu yao.

Nakala ya barua hii nimeiwasilisha Afya House, makao makuu ya wizara yako, kama ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inatoa siku 21 za kujibu.

Wako mwaminifu,
Mlezi, mkazi wa Kayole