Maonyesho ya ng'ombe wa maziwa yasifutwe

Mhariri,

Kila bei ya maziwa ikianguka lazima watokee watu wa kusema maonyesho ya ng'ombe, yale ya kuwashindanisha mbele ya jaji, yafutwe, eti ni urembo tu, hela inaliwa na sabuni na mashine za kunyolea wakati mfugaji anadaiwa chakula cha mifugo. Mi nawapinga kabisa na naomba nafasi kidogo.

Jaji pale uwanjani hapewi kazi ya kuangalia nywele zinavyong'aa. Kwa alama zinazotumika Marekani, kati ya 100 kiwele peke yake kina 40, umbile la kimaziwa 25, miguu ya nyuma 20, na 15 zilizobaki ni za fremu, yaani nyonga, kimo, mgongo na sehemu ya mbele ya mwili. Sasa we uliyewahi kukamua jiulize, kiwele kinachoning'inia si ndo kinakanyagwa, kinapakaa tope, kinashika ugonjwa, na ng'ombe anayechechemea si hafiki hata kwenye hori? Hao ndo wanaouzwa mapema kabla hawajarudisha gharama, kwa hiyo anachopima jaji ni miaka ambayo huyo ng'ombe atakaa zizini.

Alafu hii tasnia imepigwa sana na bado imesimama. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia Uingereza, mifugo zaidi ya milioni 6 ikachinjwa na maonyesho yakafutwa. Mwaka 2020 korona ikafunga shule na mahoteli, wafugaji wa Marekani wakamwaga maziwa maana ng'ombe humwambii asubiri, lazima akamuliwe leo na kesho pia, na World Dairy Expo, maonyesho makubwa ya ng'ombe wa maziwa ya Madison, Wisconsin, hayakufanyika mwaka ule. 2021 yakarudi. Machi 2024 mafua ya ndege yakagundulika kwa ng'ombe wa maziwa hukohuko Marekani, mwezi uliofuata serikali ikatoa amri kwamba ng'ombe anayekamuliwa asivuke jimbo bila kupimwa ndani ya siku 7 kabla ya safari, na watu wakapima wakaenda maonyesho. Hiyo ndo ninayoiita kustahimili.

Na watu wanaenda kwa sababu. Mtamba anachukua kama miaka miwili tangu azaliwe mpaka atoe maziwa ya kwanza, ukikosea kuchagua mbegu ya dume leo utakuja kujua baadaye sana, hivyo kumwona mama na mabinti zake wamesimama mbele yako kwa miguu yao kunasaidia kuliko picha ya kwenye katalogi. Kijana anayejifunza kumwongoza mtamba kwa kamba anajifunza pia kumlisha na kumjua akiumwa, na kama hatutaki hao vijana sijui nani atakamua kesho. Mfugaji mwenye madeni anakutana na wenzake, wanaongea, anarudi na nguvu, na hili silichukulii kama jambo dogo maana kazi yetu ni ya upweke sana.

Ila sio kwamba kila kitu kiko sawa. Kuna wanaomnyima ng'ombe kukamuliwa masaa mengi ili kiwele kijae mbele ya jaji, na huo ni ukatili hata kama anashinda. Yapo maonyesho makubwa yanayopima viwele kwa ultrasaundi na kuadhibu, ni vizuri, yote yafanye hivyo na mshindi aliyevunja sheria anyang'anywe taji hadharani.

Ombi langu lingine kwa waandaaji ni kuhusu kundi la mashindano la ng'ombe waliotoa maziwa mengi maishani. Lipo, Marekani kuna lile la ratili 100,000, yaani zaidi ya kilo 45,000 tangu azae mara ya kwanza, lakini mara nyingi watu wanalipita haraka kwenda kumshangilia bingwa mkuu. Lipewe zawadi sawa na ya bingwa, na liingie uwanjani jioni ya mwisho watu wakiwa wamejaa, sio asubuhi viti vikiwa vitupu.

Mfugaji, msomaji wenu