Shukrani kwa aliyetunyooshea hesabu ya Bentham

Wewe uliyesahihisha maelezo yetu ya nadharia ya manufaa, ile isemayo tendo jema ni linaloleta furaha kubwa kabisa kwa watu wengi kabisa, bila kuacha jina, ahsante sana.

Sifa zote tulimpa mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham. Kumbe mwanafalsafa mwenzake Francis Hutcheson alishaandika juu ya furaha kubwa kabisa kwa watu wengi kabisa mwaka 1725, miaka 64 kabla kitabu cha Bentham cha 1789 hakijatoka.

Lakini hasa tunakushukuru kwa hesabu ya Bentham ya kupima raha na maumivu yanayoletwa na tendo. Vipimo ni saba: ukali wa raha au maumivu, muda wake, uhakika, ukaribu, uzazi, usafi, na idadi ya wanaoguswa. Uzazi na usafi huchanganywa mno, na mfano wako ulitosha: ulevi wa usiku mmoja ni raha kali isiyo safi, maana asubuhi kichwa kinagonga, kujua kusoma ni raha inayozaa nyingine. Unaanza na mtu mmoja, raha upande huu, maumivu upande ule, unatoa. Kisha unarudia kwa kila anayeguswa na kujumlisha. Sisi tuliishia kipimo cha sita, na ukiishia hapo umepima faida ya mtu mmoja tu, basi.

Bentham mwenyewe hakutaka hesabu hii ifanywe kabla ya kila uamuzi. Hilo nalo tulilisahau.

Na pale mwanafalsafa John Stuart Mill, naye wa nadharia hiyohiyo, aliposema mwaka 1861 kuwa raha hupitana hata kwa ubora, uliandika pembeni: "Sasa mtazijumlishaje?" Bado tunakuna vichwa.