Gari la wagonjwa halisafishwi kwa kupuliza dawa

Mhariri,

Kupuliza klorini ndani ya gari la wagonjwa na kuondoka si usafi. Damu na matapishi hudhoofisha klorini, kwa hiyo sabuni na maji hutangulia.

Fungua milango yote, vaa glavu na aproni. Damu iliyomwagika ifunikwe kwa kitambaa kinachofyonza, kitupwe kwenye mfuko wa taka hatarishi. Osha kwa sabuni kuanzia juu kushuka chini, sakafu mwisho. Kisha futa kwa klorini ya asilimia 0.5: kikombe kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji. Sehemu ibaki imelowa dakika 10. Hapo ndipo wengi hukosea, maana simu ikilia wanakausha mara moja. Baadaye suuza kwa maji, la sivyo chuma cha machela kitaliwa na kutu.

Mikanda ya machela, kitambaa cha kipimo cha presha, vishikio vya milango na usukani husahaulika sana. Godoro lililochanika libadilishwe tu. Sponji iliyonyonya damu haitakasiki.

Mchanganyiko wa jana umwagwe.

Mhudumu wa dharura,
Morogoro