Kila prosesa ipewe folda yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaosimamia maabara za kompyuta vyuoni. Wanafunzi wetu siku hizi hawaishii kwenye kompyuta za Intel. Mezani kwangu hapa Morogoro ipo Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo yenye prosesa ya aina ya arm64, na kando yake bodi ndogo yenye prosesa ya aina nyingine, RISC-V. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, iliyoanza mwaka 1991 kwa prosesa ya Intel 386, leo inazihudumia zote kwa msimbo uleule. Ndani ya msimbo huo fungua folda ya arch utaziona: x86, arm64, riscv na nyinginezo.

Kinachoniudhi ni namna tunavyofundisha kuijenga. Mwanafunzi anaambiwa aingie kwenye folda ya msimbo, aandike make, amri ya kuijenga, basi. Akihamia Pi, .config ya Intel, yaani faili la machaguo ya kerneli, inaandikwa upya na kazi ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) inaanza mwanzo. Kwa hiyo anapakua nakala nyingine. Juzi nimekuta kwa mmoja wao linux, linux2, linux-pi na linux-pi-mpya-kabisa, kila moja zaidi ya gigabaiti moja, tena kwa bando lake mwenyewe. Nikamuuliza drayva (programu ya kuendesha kifaa) aliyoirekebisha imo kwenye ipi, akakuna kichwa.

Dawa imo ndani ya kerneli yenyewe, nayo ni herufi moja, O, inayotaja folda ya kuwekea matokeo; ARCH inataja aina ya prosesa, na CROSS_COMPILE kompaila ya prosesa hiyo:

make O=../jenga/arm64 ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-

Kila kinachozalishwa, pamoja na .config, kinakwenda kwenye folda hiyo. RISC-V ina yake, Intel ina yake. Ukirekebisha faili moja la drayva, kwenye kila folda kinakompailiwa kilichoguswa tu.

Masharti yapo. O irudiwe kila mara, hata kwenye menuconfig (menyu ya kuchagua machaguo) na modules_install (kusakinisha moduli). Ukiisahau, .config inaangukia kwenye msimbo, na make inayofuata yenye O inagoma, inakutaka uendeshe make mrproper, amri ya kusafisha msimbo. Hapo ndipo wengi wanapolia, maana mrproper inafagia na hiyo .config, kwa hiyo uinakili pembeni kwanza. Kusahau ARCH ni balaa zaidi kwa kuwa hakuna kelele: make inadhani unajengea mashine unayoitumia, na ukihifadhi menuconfig, machaguo ya arm yamekwenda na maji. Ndiyo maana mimi amri zote nimeziweka kwenye skripti, mwanafunzi anataja tu jina la prosesa.

Ninachopendekeza: msimbo ukae kwenye seva ya maabara, wanafunzi wapewe ruhusa ya kusoma tu. O haihitaji kuandika chochote kwenye msimbo, na atakayeisahau atagomewa papo hapo. Mwenye kurekebisha drayva achukue nakala yake kwa git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) kutoka seva hiyohiyo, bila kugusa intaneti.

Skripti yenyewe ni mistari michache. Mwalimu atakayeihitaji aulize kupitia kwako, Mhariri, nitampa bure.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta,
Morogoro