Ugonjwa wa akili nao unahitaji wakfu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako, hili jambo limenikaa rohoni mda mrefu.

Kuna familia moja ya Marekani inaitwa Stanley. Mzee Ted Stanley alitajirika kwa kuuza sahani za mapambo na sarafu za ukumbusho kwa njia ya posta, halafu mwishoni mwa miaka ya 1980 kijana wake akiwa chuoni akashikwa na ugonjwa wa akili, ule wa baipola, unaomrusha mtu juu kwa furaha kupita kiasi halafu ukamwangusha kwa huzuni, akawa anaamini kuna watu wanamuwinda. Akapata dawa ikamkubali, akarudi kusoma mpaka akawa wakili. Yule mzee na mkewe wangeweza kushukuru Mungu wakanyamaza. Badala yake 2007 wakatoa dola milioni 100 kufungua kituo cha utafiti pale Broad Institute, taasisi ya utafiti huko Massachusetts, na 2014 mzee akaahidi milioni 650 zingine, na akasema wazi mbele ya watu kwamba yote haya ni kwa sababu ya mtoto wetu. Hapo ndipo paliponigusa, kwamba hawakumficha.

Na hela yao imefika mpaka kwetu, wengi hawajui hili. Mwaka huo huo wa 2014 watafiti walitangaza sehemu 108 za vinasaba zinazohusiana na skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, baada ya kupima wagonjwa karibu elfu 37, lakini karibu wote walikuwa watu wa asili ya Ulaya, sasa sisi huku tutajuaje kama dawa zitakazotokana na hayo zitatufaa? Ndo kituo cha Stanley kikaingia kwenye utafiti wa vinasaba vya wagonjwa wa akili unaoitwa NeuroGAP, huku Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, na kwa upande wetu Kilifi na Eldoret wamehusika, watu waliulizwa maswali wakatoa mate ya kupimwa vinasaba. Mate ni yetu, wagonjwa ni wetu, madaktari wengi ni wetu, lakini hela ni ya mzee wa sahani wa Marekani!

Mimi nina kaka yangu. Alianza kusikia sauti akiwa mwaka wa pili chuo, tukazunguka naye kwa waganga, tukaambiwa pepo, akanyweshwa kombe, mwaka mzima ukapita hivyo kabla hatujamfikisha hospitali. Na hospitali yenyewe kila mara ukienda unaambiwa dawa hakuna kanunueni famasi. Mama aliuza cherehani yake. Na nyuma ya ukuta mrefu wa jirani yetu tajiri kulikuwa na kijana mwenye shida hiyo hiyo, mtaa mzima unajua, lakini ukiuliza unaambiwa yuko safari.

Siwalaumu, aibu ni kitu kizito. Lakini matajiri wa Pwani si wachoyo jamani, misikiti wamejenga, visima wamechimba, Ramadhani futari inapikwa kwa masufuria makubwa na anayepita anakula. Na wakfu tunaujua toka enzi za mababu, nyumba inaandikwa, kodi yake inaendesha madrasa miaka na miaka hata mwenyewe akishafariki. Alichofanya yule mzee ni hicho hicho, maana utafiti wa akili hauishi kwa miaka miwili mitatu, lithiamu yenyewe, dawa ya baipola, ilionekana inasaidia wagonjwa 1949 na mpaka leo bado inategemewa, sasa nani atasubiri mda wote huo kama sio hela ya wakfu?

Kwa hiyo ombi langu, mwenye nyumba kumi za kupangisha aandike moja. Kodi yake inunue dawa za kliniki ya wilaya, na isomeshe kijana mmoja wa hapa hapa awe mtafiti wa magonjwa ya akili, akimaliza asomeshwe mwingine. Na kama sababu ni mtoto wake basi aliandike jina la mtoto pale mlangoni, tulisome.

Kaka yangu leo yuko dukani anauza, vidonge vya mwezi huu tumeshanunua.

Msomaji wako,
Mombasa