Chombo gani kilichosoma "isiyo na mwisho"?

Mhariri,

Mwaka wa kumi na nane huu nasoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari. Majina ya mitaa mliyoyakosea nimeyameza, na ramani iliyoihamisha Likoni hadi upande wa Nyali nimeimeza pia. Lakini taarifa ya ukurasa wa sayansi Jumamosi iliyopita, kwamba wanasayansi "wamethibitisha uzito usio na mwisho" ndani ya shimo jeusi, yaani mabaki ya mporomoko yenye mvutano usioachia hata nuru itoke, imenikwama kooni. Jumatatu asubuhi mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuwa ameshainakili daftarini neno kwa neno, na kuipigia mstari mwekundu.

Picha mliyoiweka ni ile ya 2019, ya shimo jeusi la galaksi ya M87, lenye masi ya majua yapata bilioni 6.5. Inaonyesha gesi ya moto inayozunguka nje, na kivuli katikati. Kivuli, mhariri. Nuru haitoki humo, basi nani amekipima kitovu? Alichothibitisha mwanahisabati Roger Penrose mwaka 1965, kwa kalamu na karatasi, ni kwamba kwa milinganyo ya Einstein ya mvutano, nyota ikishaporomoka kupita kiasi fulani, njia za nuru humo ndani hukatika na haziwezi kuendelezwa. Hakupima uzito wa chochote. Lami ikiishia kwenye gati la feri, mtu mzima hatangazi kuwa barabara imeendelea hadi kuzimu.

Kama mwandishi wenu anataka kuiona "isiyo na mwisho" kwa macho, asiende mbali; aende penye bamba la chuma lenye ufa. Mwaka 1913 mhandisi Inglis alionyesha kwamba bamba likivutwa, mkazo (nguvu ikigawanywa kwa eneo inayolibeba) kwenye ncha ya ufa huzidi ule wa bamba zima mara 1 kuongeza mara mbili ya kipeuo cha pili cha urefu wa ufa ukigawanywa kwa nusukipenyo cha ncha yake. Ufa wa milimita 50 kutoka ukingoni, wenye ncha ya nusukipenyo cha milimita 0.02: 50 kwa 0.02 ni 2500, kipeuo chake 50, mara mbili yake 100, ongeza 1, basi mkazo ni mara 101. Bamba likivutwa kwa megapaskali (kizio cha mkazo) 30 tu, ncha inadaiwa zaidi ya 3000, ilhali chuma cha kawaida huanza kulegea kwenye 250 hivi. Sasa ifanyeni ncha kuwa kali kabisa, nusukipenyo sifuri, nanyi mtapata mkazo usio na kikomo. Je, bamba limeubeba? Hata kidogo. Chuma kimelegea pale nchani, ncha ikawa butu, na tena chuma kimefanywa kwa atomu, na atomu haina ncha ya sifuri. Fundi anayejua kazi yake humaliza "isiyo na mwisho" kwa kekee: hupaka rangi ya kupenyeza aone ufa umefika wapi hasa (kwa macho matupu huonekana mfupi kuliko ulivyo), hutoboa tundu la milimita 10 mbele kidogo ya ncha, kisha husugua kuta za tundu kwa msasa hadi mikwaruzo iishe, maana mkwaruzo mmoja ni ufa mpya. Nusukipenyo sasa ni milimita 5, na mkazo umeshuka hadi mara 7 na ushei, yaani chini ya 250. Akitoboa nyuma ya ncha amepoteza muda, ufa utaendelea na safari. Akichomelea juu bila kutoboa, ndiyo kabisa: ufa unabaki umejificha chini ya chomeleo. Methali inahimiza tuzibe ufa, lakini iliwalenga wenye kuta. Chuma hutobolewa kwanza.

Hiyo ndiyo desturi ya infiniti, yaani hiyo "isiyo na mwisho", katika fizikia. Hesabu za karne ya 19 zilidai kila kitu chenye joto kimwage nishati isiyo na kikomo, zaidi kwenye mawimbi mafupi. Yaani jiko la muhogo wa kuchoma pale Mama Ngina lingetuunguza sote. Mwaka 1900 mwanafizikia Planck akaigawa nishati kwa vifurushi, na hesabu ikatulia. Elektroni nayo, ikichukuliwa kuwa nukta tupu, nishati ya uga wake haina kikomo. Tomonaga, Schwinger na Feynman walipewa Nobel ya 1965 kwa kuonyesha namna ya kuweka masi na chaji zilizopimwa maabara mahali pa zile za kwenye karatasi, na majibu yakatoka ya kawaida. Sahihisho la Schwinger la 1948 kwa usumaku wa elektroni ni 0.00116. Tarakimu ya kawaida hiyo, yenye mwanzo na mwisho. Kama ulimwengu wenyewe una ukingo au hauna, hilo ni swali jingine na bado liko wazi, lakini ninyi hamkuliuliza.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu: urefu wa Planck mliuchapa "mita 1.6 × 10-35". Kumi kutoa thelathini na tano ni hasi ishirini na tano! Urefu hasi! Kipeo huandikwa juu, kidogo, na si mara ya kwanza kukiangusha; mwezi jana mliangusha cha kasi ya nuru, ikawa polepole kuliko sauti. Mtambo wenu ukishindwa kukipandisha, andikeni nukta, kisha sifuri 34, kisha 16. Nafasi ipo, mbona tangazo la dawa ya nguvu za kiume hupata nusu ukurasa?

Naomba pia mwandishi wenu, kila akiletewa "isiyo na mwisho", aulize ilipimwa kwa chombo gani na sindano ilisimama kwenye namba ipi. Asipojibiwa, achape bei ya samaki. Masahihisho yatoke ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, si chini ya tanzia.

Mwalimu wa fizikia,
Tudor, Mombasa